Fuata Mafuta Kabla Hujafungua Injini

Hotuba niliyoitoa kwa madereva wa bodaboda na mafundi vijana, Muheza, mkoani Tanga

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mama zangu, mwenyekiti wa kijiwe, na nyinyi wanangu mliokaa juu ya pikipiki zenu huko nyuma, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja. Dereva akikaa saa moja bila abiria, hesabu ya tajiri haipungui hata shilingi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Nimekuja na chupa mbili. Naomba zizunguke, zianzie kwa mzee pale mbele, na mwenye sigara aizime kwanza. Zote zina petroli. Hii ya kwanza nimeichomoa jana jioni kwenye pikipiki yangu. Iinue juani uitazame: inapitisha mwanga, unauona mkono wako upande wa pili. Hii ya pili imetoka juzi kwenye pikipiki iliyosimama miezi 14. Rangi yake ni ya chai ya mkandaa. Fungua kifuniko kidogo unuse, hiyo siyo harufu ya petroli tena, ni harufu ya vanishi, ile ya karakana ya seremala. Sasa inamisha chupa taratibu. Pale chini kuna tone kubwa linateleza peke yake, halitaki kuchanganyika na mwenzake. Hayo ni maji.

Pikipiki iliyotoa chupa hiyo ni ya mama mjane. Mumewe alipofariki, ilifungiwa chumba cha nyuma mpaka mambo ya mirathi yaishe. Yalipokwisha, mama akamtolea mwanawe ili apate cha kufanya. Kijana alipiga kiki siku mbili mpaka akachechemea. Akaitwa fundi, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema injini imekufa, ringi zimegandana na bloku. Akampa mama njia mbili: alipe laki tatu ya matengenezo, au amwachie yeye pikipiki kwa laki nne. Pikipiki ambayo marehemu aliilipia kidogo kidogo karibu miaka miwili.

Mama alikuja kwangu kuuliza tu kama laki nne ni bei ya haki. Nikamwambia mama, iletwe kwanza niione. Ililetwa asubuhi, ikawaka kabla ya adhuhuri. Vilivyonunuliwa ni plagi moja na kipande cha mpira wa mafuta. Injini haikufunguliwa hata boliti moja.

Basi hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Injini iliyosimamishwa ikiwa nzima, ikakaa mahali pakavu na oili yake ndani, mara nyingi huamka nzima vilevile. Kinachoharibika kwanza ni mafuta na njia ya mafuta. Pikipiki inakufa njaa huku tangi limejaa. Kwa hiyo usianze kwenye injini. Anza kwenye tangi, uyafuate mafuta hatua kwa hatua mpaka mdomoni mwa injini, na mahali yanapokwama ndipo penye ugonjwa.

Tujue kwanza yanavyoharibika, maana fundi asiyejua chanzo atabahatisha maisha yake yote. Petroli siyo kimiminika kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoiwasha injini ikiwa ya baridi asubuhi, na ndivyo vinavyotangulia kuruka hewani. Vinavyobaki hukutana na oksijeni, siku baada ya siku vikageuka kuwa kitu cha kunata kama utomvu, kisha kikakauka kikawa kama rangi. Ndani ya dumu lililofungwa vizuri, kivulini, petroli huweza kukaa miezi kadhaa ikafaa. Lakini kwenye kikombe cha kabureta, yaani kibakuli cha chini cha kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, mafuta ni vijiko vichache tu vya chakula na kuna tundu la hewa. Pale yanachachuka mapema kuliko tangini. Ndiyo maana unaweza kufungua tangi ukakuta mafuta si mabaya sana, ukaapa kwamba tatizo haliko kwenye mafuta, kumbe kabureta chini yake imeshapakwa vanishi.

Adui wa pili ni maji. Huku kwetu pwani hewa ina unyevu, na masika mnaijua. Tangi likiwa nusu, mchana linapata joto na kupumua, usiku linapoa na kuvuta hewa mbichi, na ule unyevu unatoa jasho kwenye bati la ndani. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, lita ya maji ni kilo kamili. Kwa hiyo maji yanazama, yanalala chini ya tangi, na njia ya kutokea mafuta iko hukohuko chini. Maji yanalala, kutu inazaliwa. Wenzetu wa Malawi wanachanganya petroli na ethanoli ya miwa tangu mwaka 1982, na ethanoli ina tabia ya kunyonya unyevu. Wale ndugu zetu wa Kyela wanaokutana na pikipiki zilizojazwa ng'ambo wachukue tahadhari mara mbili.

Sasa umeletewa pikipiki iliyolala. Kitu cha kwanza: usiipige kiki. Nakuona kijana unatabasamu, lakini hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kila kiki unayopiga unayaita yale maji na ile kutu kutoka tangini yashuke kwenye kabureta, na kutoka kwenye kabureta yaingie ndani. Iache imesimama. Fungua kifuniko cha tangi, unuse, umulike ndani kwa tochi. Tochi, siyo kiberiti. Mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse hapa Muheza. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana. Mama lishe amewasha jiko la mkaa hatua kadhaa kutoka unapofanyia kazi, nawe unadhani uko mbali, kumbe mvuke unamfuata yeye.

Kitu cha pili, pima oili. Chomoa kile kijiti, unuse. Kama koki ya mafuta iliachwa wazi miezi yote ile, na pini ya floti, ile inayozuia mafuta kabureta ikijaa, haikuziba vizuri, mafuta yameteremka polepole yakaingia kwenye injini, yakachanganyika na oili. Utaona oili imezidi kipimo na ni nyepesi kama maji, na inanuka petroli. Ukiiwasha hivyo unaiua kweli, kwa mkono wako. Mwaga oili yote, weka mpya, ndipo uendelee. Na kabla hujasahau, fungua sanduku la ea klina, lile la kuchuja hewa. Nimeshatoa humo kiota cha panya chenye vitoto, pamba za godoro na makapi ya mahindi. Nyigu nao wanapenda sana kile kimpira chembamba cha kumwagia mafuta ya ziada chini ya kabureta. Wanakiziba kwa udongo ukadhani ni simenti.

Twende kwenye kutoa mafuta. Hapa nitasimama kidogo kwa sababu ya jambo lililonikuta. Usinyonye mafuta kwa mdomo. Nasema mbele ya wazee hawa na mbele ya mama zenu: usinyonye. Kijana mmoja wa karakana ya jirani alinyonya mpira, mafuta yakamwendea koo, akakohoa, yakaingia kwenye mapafu. Wenzake wakampa maziwa, wakamtia vidole atapike. Kutapika ndiko kulikozidisha, kwa sababu yanapopanda juu yanaingia tena njia ya hewa. Alilazwa siku nyingi na mpaka leo akipanda mlima anahema. Ikitokea, usimtapishe mtu, mpeleke hospitali. Wala hakuna haja ya kunyonya: pikipiki ina koki chini ya tangi. Vua mpira upande wa kabureta, uingize kwenye dumu lililo chini, fungua koki. Mafuta yanateremka yenyewe, ndivyo lilivyoundwa.

Na kwenye koki kuna siri ambayo madereva wengi hawaijui. Ndani ya tangi kuna kibomba kimesimama wima juu ya koki. Ukiweka ON, mafuta yanaingia kwa juu ya kibomba hicho. Ukiweka rizevu, yanaingia kutoka chini kabisa, pale maji na kutu vinapolala. Kwa hiyo ukiwa unamwaga mafuta mabaya, weka rizevu, yatoke yote mpaka tone la mwisho. Lakini ukiwa unajaribu kuiwasha pikipiki iliyolala, mkono wako usiguse rizevu mpaka tangi liwe limesafishwa.

Mafuta yakitoka, yatazame yanavyotoka. Yanatakiwa yamiminike mfululizo, kama mtu anamimina chai kwenye kikombe. Yakianza vizuri kisha yakapungua, yakawa matone, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia fyuu, hewa inaingia na mafuta yanaanza tena kumiminika, umeshapata ugonjwa bila spana yoyote: kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Huo ndio ule ugonjwa wa pikipiki inayowaka vizuri, inakwenda mpaka karibu na njia panda, inazima, inapumzika dakika kumi, inawaka tena. Nimeona watu wamebadilishiwa koili na CDI, vifaa vya umeme wa plagi, kwa ajili ya kitundu ambacho tone la udongo limekiziba. Kama umefungua kifuniko na bado yanadondoka tu, basi ni kichujio cha koki kimejaa kutu, kivue ukisafishe.

Kuna mtu ameuliza kuhusu moto wa plagi. Ni swali la haki. Vua plagi, itazame. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki alizokwisha kupiga mwenyewe kabla ya kukuletea, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka vanishi, mafuta yanafika lakini hayafai. Jaribu cheche yake mbali na tundu la injini, ukiiegesha kwenye chuma. Cheche ya buluu ipo? Rudi kwenye mafuta. Haipo? Hiyo ni hotuba nyingine.

Sasa kabureta, na hapa ndipo nataka mtege masikio. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Weka chupa nyeupe chini yake, uilegeze. Kilichotoka humo ndicho kitakachokuambia ukweli wote. Usimwage chini! Kaa nacho dakika mbili, kiache kitulie, utaona maji yakijitenga, utaona chembe nyekundu za kutu, utaona rangi. Mwite mwenye pikipiki aje aone na yeye. Mteja aliyeiona chupa hawezi kudanganywa, na fundi aliyeionyesha chupa hatatiliwa shaka. Nyinyi mafundi vijana, fanyeni hiyo iwe desturi yenu: kabla ya kumtajia mtu bei, mwonyeshe chupa.

Kisha ivue kabureta. Kabla hujaitoa skrubu ya hewa, ile ya pembeni, iingize ndani taratibu huku unahesabu mizunguko mpaka iguse, usiikaze. Imezunguka mara mbili na nusu? Andika kwenye boksi la plagi: mbili na nusu. Ndipo uitoe. Asiyehesabu atakuja kuhangaika kutafuta sailensa, ule mngurumo wa injini bila kushika mafuta, mpaka jioni.

Fungua kikombe. Utaona floti, ile boya ya plastiki, na kipini chake kinachoziba mafuta kikombe kikijaa. Kipini hicho kikinata kikiwa kimefunga, kabureta haipati kitu. Kikinata kikiwa wazi, mafuta yanamwagika chini kama bomba. Kitazame ncha yake ya mpira: kama imeingia mfereji, badilisha, usiihurumie.

Halafu kuna jeti mbili, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia mafuta. Jeti kubwa, iliyo katikati, inalisha ukiwa umefungua mafuta mpaka mwisho. Jeti ndogo, iliyojificha kwenye shimo lake, inalisha sailensa na ule mwanzo wa kuondoka. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita. Petroli ikikauka mle ndani, inahitaji kiasi gani kuziba tundu kama hilo? Hata tone zima ni nyingi. Ndiyo maana pikipiki nyingi sana zilizolala zinakuwa na dalili moja: zinawaka kwa choki tu, na ukiirudisha choki zinazima. Choki inazidisha mafuta, ndiyo inayoificha njaa ya jeti ndogo.

Niwaambie kilichonifanya niitazame jeti hiyo kwa heshima. Nikiwa mwaka wa tatu kwenye ufundi, nililetewa pikipiki ya mwalimu aliyekuwa masomoni mwaka mzima. Iliwaka kwa choki, ukiirudisha inazima. Mimi nikasema kompresheni, ile nguvu ya injini kubana hewa, imeshuka. Nikashusha bloku, nikaweka ringi mpya, valvu nikazisaga, siku mbili sikulala vizuri. Nikafunga. Ikawaka kwa choki, nikairudisha, ikazima. Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuja bila kusema neno. Akachomoa jeti ndogo kwa bisibisi, akanipa, akaniambia iinue juani utazame. Nikatazama. Giza. Akaitia kwenye maji ya ndimu, akapitisha mshipi wa kuvulia, akapuliza, akanipa tena. Nikaona nukta moja ya mwanga, duara kamili, ndogo kama nyota. Alipoirudisha, pikipiki ilikaa sailensa mpaka tukamaliza chai. Yule mwalimu alikuwa ameshalipa ringi, ameshalipa kazi. Nilimrudishia pesa yake kidogo kidogo kwa miezi mitano, na kila nilipompelekea niliona aibu upya, kwa sababu hakuwahi kunidai.

Kwa hiyo jifunzeni kwa yangu. Jeti ni ya shaba, na shaba ni laini. Ukichokoa kwa waya wa breki au sindano unalipanua tundu, na tangu siku hiyo pikipiki itakula mafuta na hutajua kwa nini. Huku kwetu tuna mshipi wa kuvulia, wa nailoni. Kwenye kigurudumu chake unene umeandikwa. Chukua ule mwembamba, wa milimita 0.20, upitishe pole pole, hauwezi kuikwangua shaba. Pale jeti inapokuwa na ule ukijani kwa sababu ya maji, iloweke kwenye ndimu, kisha uisuuze vizuri. Dawa ya kusafishia kabureta ya kupuliza ukiipata ni bora zaidi, lakini vaa miwani, na uondoe kwanza floti na mipira yote.

Wengi tukishasafisha jeti tunafunga. Bado! Ndani ya mwili wa kabureta kuna vijia vilivyotobolewa kwenye chuma, na vanishi imo humo pia. Nenda kwa mziba pancha, omba upepo wa kompresa. Puliza tundu moja, weka kidole kwenye tundu la pili usikie upepo ukitoka. Usipousikia, njia haijafunguka, rudia dawa. Mimi huwa sifungi kabureta mpaka kidole changu kimeguswa na upepo kwenye kila tundu.

Ukifunga, tazama mipira. Mpira wa mafuta uliokaa mwaka unakuwa mgumu, ukiukunja unapasuka mistari. Usirudishe huo. Na kile kimpira kinene kati ya kabureta na injini, kiviringishe ukitafuta nyufa. Kikipasuka hata kidogo, hewa ya wizi inaingia, sailensa inapanda na kushuka yenyewe, nawe utaisingizia jeti uliyokwisha kuisafisha.

Tangi lenye kutu lina kazi yake. Kwanza hakikisha limekauka petroli na mvuke umetoka. Ziba matundu, tia siki, tia konzi ya kokoto safi au mnyororo mfupi, ulitikise, ulilaze siku nzima, uligeuze, ulilaze tena. Ukimwaga utaona maji ya rangi ya tope. Kisha suuza, tia maji yenye magadi kidogo kuua ile asidi, suuza tena, hesabu kokoto zako, na ulikaushe haraka juani kifuniko kikiwa wazi. Bati lililosafishwa linashika kutu upya ndani ya saa chache, kwa hiyo likikauka tu tia oili kidogo, lizungushe lipakae ndani, kisha petroli mpya. Magadi hayo ni ya tangi la bati. Usiitumbukize kabureta humo, inaliwa. Na weka filta ndogo kwenye mpira wa mafuta, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, maana kutu haiishi siku moja.

Yale mafuta mabaya je? Usimuuzie mtu, na usiyachanganye na mapya ukidhani unaokoa. Mimi naoshea minyororo na spea, nje, mbali na moto. Usiyamwage kwenye mtaro. Mto Zigi unaoteremka kutoka Amani ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na watu wa Tanga mjini wanakunywa humo. Visima vyetu navyo viko futi chache kutoka karakana zetu.

Kwa wale wenye pikipiki mpya za injekta, zinazopulizia mafuta badala ya kutumia kabureta, maneno machache. Hakuna jeti, kuna pampu ndani ya tangi na injekta. Washa swichi bila kupiga stata, utege sikio: unatakiwa usikie mlio mwembamba kwa sekunde mbili tatu, ndiyo pampu inajaza. Kimya? Anza na betri kabla hujailaumu pampu, kwa sababu betri iliyolala haina nguvu ya kuizungusha. Pampu ikilia na injini isiwake, mafuta ya zamani yameziba kichujio au injekta, na hiyo ina mashine yake ya kuisafishia; usiichokoe kwa kitu chochote.

Najua wengi wenu hamkuchagua kuilaza pikipiki. Mwingine alipata ajali akalazwa yeye. Mwingine pikipiki ilishikiliwa kituoni miezi sita mpaka kesi iishe. Mwingine ni ya shamba, msimu wa machungwa ukiisha inaegemezwa kwenye mti. Kama umepata nafasi ya kujiandaa, funga koki, iache injini iungurume mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha legeza ile skrubu ya chini umalizie matone. Tangi ama ulijaze mpaka shingoni hewa isiwe na nafasi, ama ulikaushe kabisa. Lile la nusu ndilo baya. Ondoa waya wa betri. Na kama hukupata nafasi, umeambiwa shuka acha funguo, bado mkono wako una nusu dakika. Omba kwa adabu ufunge koki. Hakuna askari aliyewahi kunikatalia hilo, na kabureta nyingi zimepona kwa ajili yake.

Nimeongea vya kutosha, na mikono inafundisha kuliko mdomo. Ile pikipiki nyekundu chini ya mwembe imeletwa na mzee aliyekaa pale pembeni, haijawashwa tangu masika ya mwaka jana, na ameshaambiwa auze injini. Isukumeni, isipigwe kiki. Iwekeni hapa kwenye uwazi, mama tunaomba ulisogeze jiko lako upande wa pili. Wewe kijana mwenye bisibisi, njoo. Funga koki kwanza. Haya, leteni chupa nyeupe, na mzee mpisheni nafasi ya mbele, ni mafuta yake, ayaone yeye wa kwanza.